Wi-Fi ya bure kwenye treni: anza na paa na reli, ruta ifuate

Mtu anayetaka kuwapa abiria intaneti ya bure kwenye treni inayotoka Lubumbashi, Kongo, kuelekea Likasi, Tenke na Kamina, kwa kawaida huuliza kwanza ruta (kifaa kinachosambaza Wi-Fi) gani anunue. Ruta ya ndani ya behewa ndiyo sehemu rahisi. Kinachoamua kama abiria watapata kitu ni kile kipande kati ya treni na mnara wa simu, na huko ndiko pesa nyingi ziende.

Kabla ya kununua chochote, pima rezo ya njia nzima. Chukua simu mbili zenye laini za kampuni mbili tofauti, weka programu inayorekodi nguvu ya mawimbi pamoja na GPS, kisha safiri kwenda na kurudi. Kipimo cha kuangalia ni RSRP, yaani nguvu ya mawimbi ya mnara yanayofika kwenye simu; namba ikikaribia sifuri ndivyo bora: juu ya -90 dBm ni vizuri, kwenye -100 unapata kwa shida, chini ya -110 usitegemee kitu. Chora mapengo kwenye ramani na uyahesabu kwa dakika badala ya kilomita. Treni ya Ulaya inayokimbia kilomita 300 kwa saa huvuka pengo la kilomita 20 kwa dakika 4. Treni ya kilomita 40 kwa saa hukaa humo nusu saa nzima. Mwendo wa polepole unafanya kila pengo liwe tatizo kubwa zaidi.

Sasa paa. Behewa la chuma huzuia mawimbi, na vioo vilivyopakwa madini ya kukinga jua huongeza kizuizi: ukipoteza desibeli 20, kinachoingia ndani ni moja ya mia. Ndiyo maana antena hukaa nje. Lakini antena nzuri huharibiwa na kebo mbaya. RG58, ile nyembamba inayouzwa kila mahali, hupoteza karibu desibeli 1 kwa kila mita kwenye masafa ya 1,800 MHz. Mita 10 zinakuachia moja ya kumi tu ya nguvu. Kebo nene ya aina ya LMR-400 hupoteza karibu desibeli 2 kwa urefu huohuo. Bora zaidi, funga ruta karibu na antena, kebo isizidi mita 3 au 4. Tundu la paani lizibwe kwa kifungio cha mpira na silikoni, maana mvua za Novemba hadi Machi zitapita hapo zikipewa nafasi.

Hapa hatutaki mzaha hata kidogo: reli hii imejengewa nyaya za volti 25,000. Hata kama behewa linavutwa na injini ya dizeli, fundi asipande paani chini ya nyaya hizo mpaka umeme ukatwe, nyaya ziunganishwe na ardhi, na msimamizi wa reli atoe ruhusa kwa maandishi. Umeme wa kiwango hicho humrukia mtu kabla hajaugusa waya. Nunua antena iliyotengenezwa kwa ajili ya reli, ambayo imeunganishwa na chuma cha behewa, na ukwangue rangi chini yake ili chuma kiguse chuma.

Kuranti ya behewa hutoka kwenye betri, mara nyingi za volti 24, 72 au 110. Ipime treni ikiwa imesimama, kisha ikitembea wakati betri zinachajiwa. Kiwango cha EN 50155, cha Ulaya kwa vifaa vya elektroniki vya treni, kinataka kifaa kivumilie kuanzia 0.7 hadi 1.25 ya volti ya kawaida. Kwa 110 ni kuanzia 77 hadi 137.5. Kibadilisha umeme cha nyumbani hakitadumu. Weka pia kikatio cha kuzima ruta betri inaposhuka, taa za abiria zisife kwa sababu ya WhatsApp. Viunganishi viwe vya M12 vya kukaza kwa kuzungusha, kwa sababu ulimi wa plastiki wa RJ45, plagi ya kawaida ya kebo ya mtandao, hulegea kwa mtikisiko.

Kila behewa lijitegemee. Kuvuta kebo kutoka behewa hadi behewa kunapendeza kwenye mchoro, lakini mabehewa hupangwa upya stesheni na kiunganishi cha katikati ndicho cha kwanza kukatika.

Halafu kugawana. Mnara ukikupa megabiti 20 kwa sekunde, watu wanne wanaotazama video safi ya megabiti 5 wanaimaliza, na wengine wote wanabaki wakitazama duara likizunguka. Weka kikomo cha megabiti 1 kwa kila simu na kiasi cha mega kwa safari. Deutsche Bahn ya Ujerumani, ilipofungua Wi-Fi ya bure kwa daraja la pili la treni zake za kasi za ICE mwaka 2017, iliweka megabaiti 200 kwa siku, kisha kasi ilishushwa. Kwa pesa za huku, 100 zinatosha kuanzia: abiria 300 wakizimaliza, tayari ni gigabaiti 30 kwa safari moja.

Tatizo linalowasumbua mafundi wengi ni anwani za IP, namba ambazo ruta huipa kila simu. Mtandao wa kawaida una anwani 254, na ruta nyingi humwachia mtu anwani yake saa 24. Waliopanda Lubumbashi wakishuka Likasi, anwani bado ni zao, na wanaopanda hapo wanaona alama ya Wi-Fi bila kupata kitu. Punguza muda uwe saa 1 na utumie mtandao mpana zaidi, unaoandikwa /22, wenye anwani zaidi ya 1,000. Zima pia uwezo wa simu moja kuiona nyingine, wezi wasipate njia.

Kwa yale mapengo marefu, weka kompyuta ndogo yenye SSD, hifadhi isiyo na kitu kinachozunguka ndani. Diski ya kuzunguka haipendi mtikisiko. Wikipedia ya Kiwix (programu ya kuisoma bila intaneti), ratiba na majina ya stesheni vitafunguka bila mnara wowote. Kwenye karatasi ya ukutani waeleze abiria kwamba simu ikisema hakuna intaneti, wachague kubaki kwenye Wi-Fi, la sivyo itarukia mega zao wenyewe. Na awepo mtu mmoja mwenye kazi ya kuangalia salio la laini zote kabla treni haijaondoka, kwa sababu kifurushi kikiisha katikati ya safari, vifaa vyote vitaendelea kuwaka taa ya kijani bila kupitisha chochote.