Utukutu Unaojificha Ndani ya Mtu Mzima

Nilikuwa na umri wa miaka 37 nilipokwenda kumwona daktari wa magonjwa ya akili kwa sababu ya uchovu na usingizi mbaya, na sikuwa na jambo jingine la kumweleza. Alinisikiliza, kisha akaniuliza swali ambalo hakuna aliyewahi kuniuliza: si kama ninasahau mambo, bali ninatumia nguvu kiasi gani ili nisisahau. Nikajikuta ninamsimulia kengele tano ninazozitega kwenye simu kila asubuhi, karatasi nilizobandika mlangoni, desturi yangu ya kufika kila mahali saa nzima kabla ya wakati kwa hofu ya kuchelewa, na mikesha ya kumalizia kazi iliyokuwa imelala mezani kwangu wiki tatu. Baada ya vikao kadhaa alinieleza kwamba nina ADHD, yaani hali ya upungufu wa umakini na utukutu uliopita kiasi.

Sikumwamini. Picha niliyokuwa nayo ni ya mtoto wa kiume anayerukaruka darasani, ilhali mimi nilikuwa binti mkimya aliyetazama nje ya dirisha. Kumbe utukutu wa mwili mara nyingi hupungua kadiri mtu anavyokua, ukabaki ule wa ndani: akili isiyotulia hata mwili umelala, kumkatiza mwenzako ili useme yako kabla hayajakutoka kichwani, kununua kitu kwa pupa, kuacha kazi ghafla. Wale ambao tangu utotoni hawakumsumbua mtu, na wengi wao ni wanawake, hugunduliwa wakiwa wamechelewa sana, na wengine hutibiwa sonona au wasiwasi kwa miaka mingi pasipo yeyote kuuliza kilichotangulia.

Jina lenyewe, kwa maoni yangu, linapotosha. Umakini wangu haujapungua, ila haunitii. Ninaweza kukaa saa sita juu ya jambo linalonivutia hata nikasahau kula, kisha nikashindwa kwa mwezi mzima kujaza fomu ya ukurasa mmoja ambayo ninajua fika kwamba ikichelewa itaniletea hasara. Ndugu na wenzi huumia hapa zaidi kuliko pengine popote, kwa kuwa wanaona kwamba ukipenda unaweza, na hivyo wanahitimisha kwamba usipofanya hujapenda. Ninawaomba waamini kwamba mtu anaweza kulitaka jambo kwa moyo wote na bado asiweze kulianza.

Anayejishuku nampa ushauri mmoja kabla ya mwingine wowote: tazama nyuma. DSM-5, mwongozo ambao madaktari hutumia kuchunguza magonjwa ya akili, uliotolewa Marekani mwaka 2013, unataka baadhi ya dalili ziwe zilionekana kabla ya umri wa miaka 12, zijitokeze katika mazingira mawili au zaidi, kwa mfano nyumbani na kazini, na ziwe zinayaathiri maisha kwa dhahiri. Kwa mwenye miaka 17 na kuendelea, dalili tano za kutokuwa makini, au tano za utukutu na pupa, zinatosha, wakati mtoto huhitaji sita. Kwa hiyo tafuta ripoti zako za shule, ukamuulize na aliyekulea. Zangu zilirudia maneno yaleyale kila mwaka: ana uwezo, lakini hajitumi. Ikiwa usahaulifu wako ulianza baada ya msiba, baada ya kujifungua au ulipoanza kazi ya zamu za usiku, sababu yaelekea iko kwingine. Usingizi duni, sonona na matatizo ya tezi ya thairoidi huweza kufanana sana na hali hii, na hakuna kipimo cha damu wala picha ya ubongo kinachoithibitisha.

Lipo dodoso la Shirika la Afya Duniani kuhusu dalili za ADHD kwa watu wazima, lenye maswali 18, ambayo 6 ya mwanzo hutumika kuchuja. Lijibu kwa uaminifu, lakini lichukulie kuwa sababu ya kwenda kwa daktari, si hukumu. Mtazame na mtoto wako, kwa sababu tafiti za mapacha zinakadiria mchango wa urithi kuwa asilimia 70 hadi 80, na wazazi wengi hujitambua siku mtoto wao anapochunguzwa.

Uendapo kwa daktari, usimpelekee jina la ugonjwa. Mpelekee mifano iliyoandikwa, yenye tarehe ikiwezekana, na umweleze bila kuficha kuhusu moyo, shinikizo la damu, pombe na dawa unazotumia, kwa sababu dawa zinazotumika kutibu ADHD, kama methylphenidate, huongeza mapigo ya moyo. Ukiweza, fuatana na mtu anayekufahamu tangu zamani, maana sisi wenyewe husahau hata yale yanayotusumbua. Na ikiwa kupiga simu ya kuomba miadi ndiko kunakokushinda, kama kulivyonishinda mimi kwa miezi minne, mwombe mtu aketi kando yako unapopiga. Dada yangu alinifanyia hivyo, hakusema neno, na simu ile ilichukua dakika tatu.