Msomi mzima anakaa na wahunzi miezi na miezi, anatafuta nini?

SWALI: Shikamoo mhariri. Mdogo wangu anataka kusomea anthropolojia, yaani somo la watu na maisha yao, anasema baadae atafanya utafiti wa ufundi wa jadi, uchumi na mazingira. Mi najiuliza, ufundi wazee wanaujua tayari, msomi anaenda kuongeza nini? Na kwa nini vitu vitatu kwa mpigo?

JIBU: Marahaba. Haendi kuongeza, anaenda kujifunza, na hivyo vitatu huwezi kuvitenganisha.

Mfano ninaoupenda sana ni wa Peter Schmidt, mwanaanthropolojia Mmarekani aliyeanza utafiti Buhaya, mkoani Kagera, mwishoni mwa miaka ya 60. Wahaya walishaacha kuyeyusha chuma miaka mingi kwa sababu chuma cha Ulaya kiliingia kwa bei rahisi, na huo tayari ni uchumi. Akawaomba wazee wajenge tanuri tena, wakakubali, wakajaribu, mwanzoni ikagoma. Hapo ndo penyewe, manake wazee wakaanza kujadiliana, wanabadilisha hiki wanarudia kile mpaka chuma kikatoka na yeye yupo palepale anaandika, udongo wa kichuguu wa kujengea, matete ya bwawani yanayochomwa kwenye shimo la tanuri, mirija ya udongo inayozamishwa ndani ili upepo wa mivuo, vile vifaa vya kupulizia moto, upate joto kabla ya kufika kwenye mkaa. Mwaka 1978 yeye na mtaalamu wa metali Donald Avery wakachapisha kwenye jarida la Science kwamba ufundi huo wa kupasha hewa ulikuwepo magharibi mwa Ziwa Victoria zaidi ya miaka 1,500 iliyopita. Mtu wa kupita na dodoso siku mbili angeyapata wapi hayo?

Mazingira nayo yako kwenye mkaa. Tanuri linakula mkaa mwingi na mkaa ni miti, kwa hiyo ukimuuliza mzee alikata mti gani na aliufuata umbali gani, anakusimulia historia ya msitu mzima.

Ajira zipo vyuoni, makumbusho na kwenye miradi ya mazingira, ila sio nyingi, ajue mapema. La muhimu zaidi kwangu ni lugha, aijue ya watu anaowafuata asitegemee mkalimani, na aombe kushika mvuo mwenyewe. Na fundi alipwe muda wake na jina lake liandikwe kama mwenyewe ataridhia, maana mara nyingi msomi anapata digrii halafu mzee aliyemfundisha hata nakala ya kazi haioni, na hilo linaniuma sana.