Kabla Hujanunua Kipima pH, Panda Juu ya Mgodi

"Dada, nianze na kifaa gani?" Kijana mmoja kaniandikia juzi. Kapata kazi ya kupima maji kwenye mgodi uliofungwa, na tayari kakipenda kipima pH, kile kifaa cha kupima ukali wa asidi kwenye maji, cha bei mbaya. Nilicheka, halafu nikanyamaza. Nilijiona mwenyewe nikishuka basi Kasese, magharibi ya Uganda, kasha la chupa mapajani na kiburi kichwani.

Kilembe, jirani na Kasese, walichimba shaba kuanzia 1956 hadi 1982. Reli kutoka Kampala ilifika Kasese mwaka huohuo wa 1956 ili kuibeba ikayeyushwe Jinja. Wachimbaji waliondoka, topesumu ikabaki, yaani mabaki ya mawe yaliyosagwa na kutolewa shaba, vilima vyake vimelala kandokando ya mto Nyamwamba unaoteremka kutoka Rwenzori. Mle ndani mna piriti, madini ya chuma na salfa. Ikikutana na hewa na mvua inazaa asidi, na asidi ndiyo inayoyeyusha shaba, kobalti na nikeli na kuzishusha mtoni na ardhini. Hayo yote niliyajua kama sala.

Nilichota mtoni, nikachota visimani, nikachota maji yatokayo shimoni. Nilichuja kila chupa, nikatia matone ya asidi ya nitriki ili metali zisishike kwenye kuta za chupa, nikazifukia kwenye barafu. Kazi safi, acheni nijisifu kidogo.

Siku ya kutetea tasnifu, mtahini akauliza swali moja tu: "Na maji ya juu ya mgodi, kabla mto haujaufikia, yana shaba kiasi gani?"

Sikuwa na hata chupa moja. Miamba ya bonde lile yenyewe ina shaba. Ningejuaje ipi ni ya mlima na ipi ni ya mgodi? Akasema nimehesabu mali iliyoibwa bila kujua mwenye nyumba alikuwa na nini. Watu wakaangua kicheko. Miaka imepita, kile kicheko bado nakisikia.

Nilirudi Kilembe kwa nauli yangu. Mzee mmoja aliyewahi kufanya kazi chini ya ardhi, Kiswahili chake cha mgodini kitupu, alinipandisha kwa miguu nusu siku huku mvua ikitupiga. Huko juu akageuza jiwe mtoni: watoto wa kereng'ende wameling'ang'ania. Tuliposhuka chini ya topesumu akageuza jingine, halafu jingine. Tupu, limepakwa utando wa rangi ya kutu. Hakusema neno, akajifuta mikono kwenye suruali. Nilijaza chupa 3 tu kule juu, na ndizo zilizonipa shahada.

Kwa hiyo, wadogo zangu, anzeni juu. Maji ya ardhini nayo ni vilevile: kisima kimoja hakikuambii kitu. Pima kina cha maji kwenye visima visivyopungua 3, ujue na mwinuko wa mdomo wa kila kimoja, ndipo utajua maji yanaelekea wapi na kipi kati ya visima hivyo kiko juu ya mgodi. Halafu nenda kiangazi, rudi mvua za kwanza. Kiangazi chumvi za metali hupanda juu ya topesumu kama ukoko wa ugali. Mvua ya kwanza huuosha wote kwa mkupuo. Aliyepima Julai peke yake ataandika kwamba mto ni mzima. Na tembea. Ndani ya hifadhi ya Queen Elizabeth, kuelekea ziwa George, maji ya piriti yaliacha njia ya udongo mtupu, nyasi zimekufa, na hakuna mashine iliyohitajika kuiona. Ninyi mnapenda mashine mno. Mashine haipandi mlima. Anzeni juu, nasema tena.

Jana kijana kaniandikia tena. Juu ya mgodi hakuna barabara ya gari, je, akichota pale getini haitoshi?

Sijamjibu. Nasubiri hasira zishuke.