Mtoto Anayeruka Usingizini: Maswali na Majibu

Maswali yaliyonifikia wiki hizi mbili kutoka Mbeya, Iringa na Njombe yanazunguka jambo moja: mtoto mchanga ambaye viungo vyake vinaruka, vinatetemeka au vinakakamaa, na mzazi asiyejua kama atulie au akimbilie hospitali. Nimeyafupisha bila kubadili maana.

Mama, Uyole, Mbeya: Shikamoo daktari. Mwanangu ana wiki 5. Akishalala, mikono inaruka, wakati mwingine na miguu, hata mara 10 mfululizo. Mama mkwe anasema ni degedege na anataka twende kwa mganga wa jadi.

Marahaba mama. Naomba usiku wa leo ufanye jambo moja kwanza. Atakapoanza kuruka, washa taa, mfunue blanketi, kisha mwamshe kabisa kwa kumpapasa nyayo na kumnyanyua. Ikiwa kuruka kunakoma papo hapo anapoamka, na kama hakumpati kamwe akiwa macho, basi kwa uwezekano mkubwa unachokiona ni mishtuko ya usingizi isiyo na madhara, ambayo huanza katika wiki za mwanzo za maisha, humpata mtoto mwenye afya anayenyonya na kuongezeka uzito vizuri, na kwa kawaida huisha yenyewe ifikapo kati ya mwezi wa 3 na wa 6 bila dawa yoyote. Degedege halina adabu hiyo. Halikomi kwa sababu mtoto ameamshwa.

Linalowachanganya wazazi wengi ni kwamba mishtuko hii huweza kuongezeka mtoto anapobembelezwa kwa kutikiswa, au anaposhikwa kwa nguvu ili atulie, hivyo mama anayejitahidi kuizuia ndiye anayeiona zaidi. Nimewahi kumpokea mama aliyekesha usiku 4 akiwa amebana viganja vya mwanawe. Mtoto alikuwa mzima kabisa, mama ndiye aliyehitaji kulazwa. Mama mkwe usibishane naye. Mwite ashuhudie unapomwamsha mtoto, kisha mweleze nesi siku ya kliniki mlichokiona nyote wawili.

Bibi, Makete: Mjukuu wangu ana siku 12. Kidevu na mikono vinatetemeka, hasa akilia. Je, ni baridi ya huku kwetu? Usiku namwekea jiko la mkaa chumbani.

Shikamoo bibi. Naanza na jiko: tafadhali lisilale chumbani tena, kwa kuwa hewa ya sumu inayotoka kwenye mkaa haionekani wala hainuki, na katika chumba kilichofungwa inaweza kuua wote waliolala humo. Joto bora kwa kichanga ni kifua cha mama yake, ngozi kwa ngozi, mtoto akiwa na kofia na soksi, na blanketi likiwafunika wote wawili mgongoni.

Kuhusu kutetemeka, mtoto mchanga aliyepata baridi kwa kawaida hatetemeki kama sisi tunavyotetemeka asubuhi ya Juni. Mwili wake hujipasha joto kwa kuunguza mafuta maalumu aliyozaliwa nayo shingoni na mgongoni, na yakimshinda huwa kimya, mlegevu, nyayo baridi, tena hanyonyi kwa nguvu. Kidevu kinachotetemeka wakati wa kilio ni jambo la kawaida kwa umri wake. Ushike mkono unaotetemeka na uukunje polepole. Ukitulia ndani ya kiganja chako, hiyo ni habari njema. Ukiendelea kuchezacheza kwa mdundo uleule ingawa umeushika, au macho yakivutwa upande mmoja, au mdomo ukitafuna pasipo na ziwa, mpelekeni siku hiyohiyo. Vilevile mtoto anayetetemeka sana naye hanyonyi vizuri apimwe sukari ya damu, maana ikishuka huleta hali hiyo.

Baba, Njombe: Mlango ukijibamiza, mwanangu wa mwezi mmoja hutanua mikono kama mtu anayeanguka, kisha hulia.

Hongera, ubongo wake unafanya kazi yake. Mshtuko huo hupotea kati ya mwezi wa 4 na wa 6. Angalia tu kama mikono yote miwili inatanuka sawasawa. Mmoja ukibaki umelala, mwonyeshe daktari, kwa sababu huenda mishipa ya fahamu ya bega ilivutika wakati wa kuzaliwa.

Mama, Iringa mjini: Wangu ana miezi 6. Akiamka asubuhi huinamisha kichwa na kujikunja tumbo ghafla, mikono ikiruka mbele, hutulia kidogo, kisha hurudia, mara 10 au zaidi. Majirani wanasema ni chango. Zamani alikuwa akicheka nikimwita; siku hizi hanitazami.

Mama, usisubiri tarehe ya kliniki. Mpeleke leo, na ombeni aonwe na daktari wa watoto. Mambo matatu uliyoyaandika, yaani kujikunja kwa mfululizo, kutokea anapoamka, na kupoteza tabasamu alilokuwa nalo, yakikutana kwa mtoto wa umri huo humfanya daktari afikirie kwanza aina ya kifafa cha watoto wachanga ambacho mara nyingi huanza kati ya mwezi wa 3 na wa 12. Daktari Mwingereza William James West alikieleza mwaka 1841 katika barua kwa jarida la Lancet, na mtoto aliyemwandika alikuwa mwanawe mwenyewe, aliyekuwa akiinamisha kichwa kuelekea magotini na kuinuka tena, mara nyingi kwa mfululizo.

Ubaya wa ugonjwa huu ni upole wake. Kila tukio huchukua sekunde moja au mbili, mtoto hatoi povu wala haanguki, na kwa kuwa tumbo linajikunja kila mtu husema chango. Wakati huohuo ubongo unazuiwa kujifunza. Zipo dawa, zikiwamo za jamii ya steroidi, na matokeo huwa bora zaidi zinapoanza mapema. Kipimo cha mawimbi ya umeme wa ubongo hakipatikani kila hospitali, hivyo mkipewa rufaa, kwa mfano kwenda Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Mbeya, msiiweke kabatini.

Baba, Chunya: Mtoto alizaliwa nyumbani, ana siku 8. Alinyonya vizuri, sasa hawezi, na akiguswa anakakamaa. Kitovu kilipakwa majivu.

Swali hili sikulingojesha hadi safu hii itoke. Nilimpigia ndugu huyu simu siku ileile. Nililiogopa pepopunda, na hata kama si lenyewe, kichanga aliyeacha kunyonya, au aliyekakamaa, au mwenye joto la 37.5 na zaidi, au lililo chini ya 35.5, ni mgonjwa wa kulazwa. Njiani abebwe ngozi kwa ngozi, asitiwe kijiko wala dawa mdomoni, asifukizwe moshi. Kitovu hakihitaji majivu wala samadi. Kiachwe kisafi na kikavu, na mama akamilishe chanjo ya pepopunda kabla ya ujauzito mwingine kufika mwisho.

Mama, Mafinga: Kila tukifika zahanati mtoto ametulia, na nesi anasema haoni kitu.

Nesi hakosei, lakini nawe hukosei. Mrekodi kwa simu. Mfunue blanketi ili mwili wote uonekane, washa taa, anza na uso ili macho na rangi ya midomo vionekane, kisha shuka mikononi na miguuni. Katikati ya video ushike mkono unaoruka tuone kama unatulia, halafu mwamshe huku simu ikiendelea kurekodi. Dakika moja au mbili zatosha. Ila midomo ikigeuka rangi, au pumzi ikikatika, weka simu chini na uanze safari. Hiyo hatutahitaji kuiona kwenye video.