Re: Mawe hai yananuka, niyatie tu kwenye tangi?

Habari ndugu. Umesema mawe hai yako (mawe ya baharini yenye viumbe hai, ya kuweka kwenye tangi la maji ya chumvi) yana siku 5 ndooni, yananuka yai viza, na unataka kuyatia kwenye tangi lenye samaki. Usithubutu! Harufu hiyo ni ya sponji za baharini na vidudu vya kwenye mawe vinavyooza. Amonia, sumu itokayo kwenye uozo, itapanda, samaki wafe.

Kwanza angalia pampu: maji yanazunguka? Mawe yangu, hapa Tanga, niliyaweka kwenye pipa la maji ya chumvi, gizani ili mwani usiote, nikasugua ute mweupe kwa mswaki mkuukuu. Hita ya nini kwa joto letu hili? Kila wiki nilibadilisha nusu ya maji, nikinyonya tope la chini kwa mpira. Wiki ya 4 nilipopima maji, amonia na nitriti (sumu inayotokana na amonia) zikasoma 0, mawe yakanukia bahari tu. Rudia kipimo kesho yake, ndipo uyahamishe.