Jembe halidakwi kwa macho: kwa ninyi mnaofundisha watoto ngoma

Wiki iliyopita msichana mmoja wa Kahama aliniandikia ujumbe usiku, saa 5 na kitu. Alianza na watoto 29 kwenye kikundi chake cha ngoma, wamebaki 2. "Dada, naona nimeshindwa. Niache?" Nikaanza kumjibu kwenye simu, jibu likawa refu, nikaona bora niliandike hapa, maana najua mko wengi mnaofundisha ngoma kwenye miji midogo na swali hili limewahi kuwanyima usingizi. Mimi mwenyewe niliwahi kubakiwa na watoto 2. Sijawahi kulisimulia jambo hili hadharani.

Nianze na Mwalimu.

Nimekulia Magu, pale barabara ya Mwanza inapokwenda Musoma. Mwalimu alifundisha hesabu shule ya msingi, na ikifika saa 10 jioni alifundisha ngoma chini ya mwembe nyuma ya nyumba yake. Jina alikuwa nalo, lakini mji mzima ulimwita Mwalimu, hata mkewe. Ngoma yake ilikuwa bugobogobo, ile ya majembe. Kwa asiyeijua, bugobogobo ilitoka shambani: Wasukuma walilima kwa makundi, kundi linamaliza shamba la huyu linahamia la yule, mpiga ngoma yuko pembeni, majembe yanapanda na kushuka kwa mdundo mmoja. Kazi ya siku nzima inakwenda bila mtu kuona jua limesogea. Baadaye ikahamia uwanjani, na hapo ndipo jembe lilipoanza kurushwa juu, kuzungushwa na kudakwa.

Kila mtoto huja kwa ajili ya kurusha. Mimi pia. Mwalimu hakukupa jembe. Mwezi wa kwanza ni miguu na njuga basi. Mwezi wa pili unapewa mpini mtupu. Na hapo katikati alikuwa na tabia moja ambayo mpaka leo nikiikumbuka mwili unasisimka: alikaa kwenye kigoda chake akatupa mgongo. Anatazama ukuta. Sisi tunacheza nyuma yake, vumbi linapanda, naye kainamisha kichwa anasikiliza. Ghafla ananyoosha kidole bila kugeuka: "Wa tatu, mguu wa kushoto umechelewa." Na kweli ni wa tatu, na kweli ni wa kushoto. Alizijua njuga zetu kama mama anavyojua kilio cha mwanawe.

Siku niliyopewa jembe lenyewe lilinipiga kwenye bega. Alama bado iko. Mwalimu akaja akaniambia, "Ulikuwa unalitazama. Jembe halidakwi kwa macho." Ukilitazama likiwa juu, miguu inasimama, miguu ikisimama umeshatoka kwenye mdundo, na jembe linashuka mahali ambapo wewe hupo. Sikiliza ngoma, cheza, mkono utalikuta.

Jambo la pili alilokuwa nalo, na ndilo hasa ninalotaka msichana wa Kahama alisikie, ni mahali alipompanga mtoto asiyejua. Walimu wengi tunamficha nyuma. Yeye alimweka katikati ya wawili wanaojua, ili njuga zao zimlie masikioni kulia na kushoto. Mstari wetu kwa hiyo haukuwahi kuwa mzuri wa kutazama. Wageni walicheka. Lakini mtoto hakuondoka.

Mnaojua Usukumani mnajua mashindano yanavyokuwa baada ya mavuno. Bagalu na Bagika, vyama viwili vya ngoma vinavyoshindana, wanakutana uwanja mmoja, kila upande unapiga ngoma yake kwa wakati mmoja, na mwamuzi ni miguu ya watazamaji: wakihamia kwa mwenzako umeshindwa. Nikiwa darasa la tano Mwalimu alitupeleka Bujora, pale Kisesa, kwenye Bulabo ya mwezi wa sita, sikukuu ile inayofungamana na Ekaristi. Tulianza vizuri, watu wametuzunguka. Mara upande wa pili wakatoa chatu. Bayeye, wacheza na nyoka. Uwanja wote ulikimbilia huko, tukabaki watoto 18 na vumbi letu. Nililia huku nacheza. Mwalimu akapaza sauti juu ya ngoma: "Geukeni, tazamaneni!" Tukageukiana mistari miwili, tukacheza wenyewe kwa wenyewe mpaka mwisho wa wimbo. Hakuna aliyetuona. Mimi sijawahi kucheza vizuri kama siku ile.

Mwalimu alikuwa kijana wakati Mwalimu Nyerere alipohutubia Bunge tarehe 10 Desemba 1962 na kuunda wizara ya utamaduni, akawauliza waheshimiwa wangapi kati yao wanazijua ngoma za asili kama gombe sugu au kiduo, wakati rumba na twist wanazimudu. Mzee wetu aliirudia habari hiyo kila mwaka kwa watoto wapya, amesimama wima kana kwamba swali lile aliulizwa yeye binafsi. Nadhani ndivyo alivyolichukua.

Sasa kosa langu. Nilifungua kikundi changu Mwanza nikiwa na miaka 27, nikapata watoto 34. Mwaka wa pili hoteli moja ikataka wachezaji 6 kila Ijumaa. Nikachagua 6 wanaojua. Mazoezi yote yakawa ya wale 6; waliobaki nikawaambia wakae pembeni watazame watajifunza. Nilikuwa na haraka ya kuonekana, nilikuwa na kodi ya kulipa, na moyoni niliamini nimemzidi mzee wa Magu. Baada ya miezi 4 hoteli ikaacha kutuita, bila hata simu. Wale 6 wakafaulu wakaenda sekondari za bweni. Nilipogeuka kuwatafuta wale wa pembeni, walikuwa wameshaacha kuja, mmoja mmoja, na mimi sikuwa nimeona. Walibaki ndugu wawili waliokuwa jirani zangu.

Nilipanda basi kwenda Magu. Mwalimu alikuwa anaumwa tayari, miguu imevimba. Nilimweleza yote: hoteli, kodi, sekondari. Akaniuliza swali moja tu: "Na wale wa pembeni wako wapi?" Sikuwa na jibu. Mpaka leo sina. Majina ya baadhi yao sikuwa nayashika.

Alifariki mwaka uliofuata. Lazima niliseme hili hata kama litaudhi. Kuna ofisi iliyomwita kila alipokuja mgeni mkubwa, miaka na miaka. Watoto wanasimama juani toka asubuhi, mgeni anafika saa 9, malipo ni soda na nauli isiyotosha. Siku ya maziko hawakuja. Lakini siku ya kuanua matanga waliingia uani watu ambao hawakualikwa: dereva wa lori, muuguzi, mama muuza dagaa, kijana wa bodaboda, kila mmoja na jembe la kwao nyumbani, lenye udongo. Walikuwa wale wagumu wa miguu, aliowaweka katikati. Hakuna aliyepanga mstari. Ulijipanga.

Kwa hiyo mdogo wangu, usiache. Hao 2 ulionao ni kikundi. Waanzie miguu, upya, hata kama wanajua. Saa ya mazoezi isihame; ikiwa ni saa 10 iwe saa 10 hata mvua ikinyesha na umekaa peke yako, maana mtoto anayepita njiani anakuona. Asiyejua muweke katikati. Tafadhali muweke katikati. Jisajili BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, lipo kwa sheria tangu 1984, na mtu akikuita kutumbuiza wageni mwandikishane malipo kabla hamjapanda gari. Pesa si dhambi, lakini isije ikakuchagulia watoto wako. Majina yao andika daftarini, wote, na aliyekosa wiki mbili mfuate kwao ukamjulie hali.

Mimi leo nina watoto 41 hapa Igoma, na mwezi wa sita, 9 kati yao walichaguliwa timu ya mkoa ya UMITASHUMTA, mashindano ya shule za msingi. Wanne kati ya hao 9 wangekuwa pembeni zamani zile.

Ngoma iliyopasuka ilete, ngozi tutaibadilisha. Jumamosi tunaanza saa 10. Njoo na hao wawili. Mipini mitupu tunayo ya kutosha.