Usiamini rangi ya waya: kwa fundi anayeanza kubadilisha taa za dari

Mteja akikuita kubadilisha taa ya dari huwa anaamini ni kazi ya dakika chache. Unapanda ngazi, unashusha taa ya zamani, unakutana na nyaya sita au saba zimesokotwa na kufungwa tepu, na taa mpya uliyoletewa ina nyaya mbili tu pamoja na ethi, waya wa usalama unaokwenda ardhini. Mafundi wengi wanaoanza hapo hukusanya nyekundu zote pamoja, nyeusi zote pamoja. Umeme ukirudishwa taa inawaka yenyewe bila kuguswa, na swichi ikibonyezwa tu, breka inakata.

Elewa kwa nini. Katika nyumba zetu nyingi, ambazo zilifuata desturi ya Uingereza, umeme hupita kwenye taa moja kwenda taa nyingine. Laivu, waya unaoleta umeme, inaingia na kuendelea mbele, nyutro, waya wa kuurudisha, vilevile, halafu tawi la laivu linashuka kwenye swichi na kurudi juu. Huo waya unaorudi kutoka kwenye swichi ndio unaopeleka laivu kwenye taa. Aliyekutangulia akiwa ametumia waya mweusi kwa kazi hiyo, nawe ukaufunga pamoja na nyutro, basi kila swichi ikiwashwa laivu na nyutro zinakutana. Hiyo ni shoti.

Rangi zenyewe zimebadilika. Zamani nyekundu ilikuwa laivu na nyeusi nyutro. Katika mpangilio mpya, ambao Uingereza ilianza kuutumia mwaka 2004, kahawia ni laivu, bluu ni nyutro, na kijani chenye mstari wa njano ni ethi. Sasa angalia hatari ilipo: kwenye umeme wa fezi tatu, yaani wenye laivu tatu tofauti, bluu ya zamani ilikuwa fezi, na nyeusi ya sasa nayo ni fezi. Nyumba ya zamani iliyoongezewa vyumba baadaye inaweza kuwa na mipangilio yote miwili ndani ya dari moja. Ongeza na fundi aliyemalizia kazi kwa roli lililobaki, la rangi yoyote ile. Ndiyo maana nasema rangi ni dokezo tu. Ushahidi unatoka kwenye kipimo.

Kabla ya kulegeza chochote, piga picha, kisha bandika alama kila waya: umetoka wapi, ulifungwa pamoja na waya upi. Usizitenganishe zote kwa mkupuo.

Kuzima nako kuna mtego siku hizi. Swichi ya ukutani haitoshi, kwa sababu laivu ya kudumu bado ipo darini. Zima breka ya taa au meni swichi. Kama nyumba ina inveta na betri, ukizima meni, inveta inadhani umeme umekatika na inaanza kulisha taa. Kwa hiyo uliza, uizime nayo. Na usifanye kazi hii kwa kutegemea kwamba TANESCO wamekata. Wakirudisha hawatakupigia simu. Kuna pia nyutro ya kuazima, hasa taa za ngazi na korido, ambapo nyutro imechukuliwa kutoka breka nyingine. Breka yako imezimwa, lakini nyutro hiyo ukiikata inaweza kukupiga kupitia taa ya upande wa pili.

Testa ya bisibisi haitoshi kukuamulia. Huwaka kwa umeme unaorukia kutoka nyaya jirani, na huwaka pia kwenye nyutro iliyokatika. Tumia mita, na kabla ya kuiamini ijaribu kwenye soketi unayojua ina umeme. Umeme ukiwa umewashwa, laivu na nyutro zikupe takriban volti 230, laivu na ethi vivyo hivyo, nyutro na ethi karibu sifuri. Ukipata karibu 400 kati ya nyaya mbili, umeshika fezi mbili: shuka, usiendelee kubahatisha. Kuutambua waya wa swichi, zima kila kitu, tenganisha nyaya, weka mita kwenye mlio. Jozi inayolia swichi ikiwashwa na kunyamaza ikizimwa ndiyo ya swichi.

Pangaboi au taa nzito isibebwe na jipsamu. Itafutie mbao au zege. Na kama nyaya zimekauka na ganda linapukutika, hiyo si kazi ya kubadilisha taa tena. Mwambie mteja atafute mkandarasi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka ya udhibiti wa nishati na maji, asuke upya.

Ukimaliza, zima swichi, acha breka iwe imewashwa, upime ndani ya holda kati ya kila kituo, yaani ncha inayogusa balbu, na ethi. Ukikuta 230 bado ipo, swichi imewekwa kwenye nyutro. Taa itazimika vizuri na mteja ataridhika, lakini holda ina umeme muda wote. Rekebisha pale waya wa swichi ulipofungwa na nyutro, au mweleze mteja waziwazi kabla hujalipwa, kwa sababu atakayepanda kiti kubadilisha balbu ni yeye au mwanawe.